Mita Sitini za Pwani na Haki ya Mwenye Shamba

(Maneno ya hotuba iliyosomwa Mapinga, Wilaya ya Bagamoyo)





Mada tuliyopewa leo si nyepesi. Inahusu mahali ambapo sheria mbili njema zinagongana: ile isemayo kwamba mali ya mtu isiguswe ovyo, na ile isemayo kwamba pwani, mito na mikoko vihifadhiwe kwa faida ya wote. Kwa mtu akaaye katikati ya mji, huenda huu ukawa ni mjadala wa barazani tu. Kwetu sisi wa Mapinga, tulio na bahari upande mmoja na Mto Mpiji upande wa pili, ni jambo linaloamua kama mjane atabaki na minazi aliyoachiwa na mumewe, ama la.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunaisikia midomoni mwa watu kabla ya kuisoma. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au wa ziwa la asili, kingo za mto, au bwawa la maji. Kabla ya hapo, Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, ilikuwa imekwisha kuitaja mikoko, ardhi oevu, na mita 60 za kingo za mito na za maziwa ya ndani, kuwa ni ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Bahari haikupimiwa mita humo. Kwa hiyo kwa mwenye shamba la ufukweni, mita 60 ni jambo la mwaka 2004. Tunaomba mwaka huo ushikwe vema, kwani tutaurudia.

Sasa tupime. Hapa kwetu ekari hupimwa kwa hatua sabini kwa sabini. Ekari ni mita za mraba 4,047, yaani mraba ambao kila upande wake hauzidi mita 64. Mwenye ekari moja iliyopakana na bahari, akikatiwa mita 60, hubakiwa na ukanda usiofika mita 4 kwa upana. Hautoshi hata chumba na ukumbi. Sheria haikumkata kipande cha shamba, bali imelichukua karibu lote na kumwachia ua. Na mwenye ekari 50, jirani yake, hupoteza ukanda wa mbele, kisha huiita nafasi hiyo mandhari na kupandisha bei ya vyumba vyake. Hivyo kipimo kimoja, kikiwekwa juu ya watu wasiolingana, hakileti usawa uliokusudiwa.

Hata hivyo, haitupasi kukimbilia kusema kwamba sheria hii ni mbaya. Tunaamini ni sheria ya haki, tena inamlinda mwenye mali kuliko anavyodhani. Tazameni kilichotokea barabara hii hii ya Bagamoyo, kuanzia Mbezi hadi Kunduchi. Mchanga wa ufukweni hauzaliwi na bahari peke yake. Sehemu kubwa huteremshwa na mito, kisha mawimbi ya wakati wa kusi huusukuma kuelekea kaskazini, leo mbele ya shamba la huyu, kesho mbele ya shamba la yule. Kwa miaka mingi malori yaliingia katika mabonde ya mito ya Mbezi na Tegeta kuchimba mchanga wa kujengea nyumba za Dar es Salaam. Wakati huo huo miamba ya matumbawe iliyokuwa ikiyavunja mawimbi ilipasuliwa kwa uvuvi wa baruti, na mikoko ikakatwa kuwa kuni na boriti. Bahari ikakosa chakula chake, ikaanza kula ardhi. Hoteli ya Africana, ambayo jina lake wengi tunalijua kama kituo cha daladala, ilikuwa ufukweni huko. Leo ufukwe ule umeliwa. Hoteli zilizobakia zikajenga kuta za mawe kuingia majini ili kunasa mchanga. Kila ukuta ulipomnasia mwenyewe, ulimnyima jirani wa kaskazini, naye akalazimika kujenga wake.

Basi tujiulize: ni nani aliyevunja haki ya mali hapo? Mwenye lori alisema anachimba katika shamba lake, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mwenye hoteli alisema anajenga mbele ya kiwanja chake. Kila mmoja alikuwa na hati mkononi, na kila mmoja alikuwa akiiondoa ardhi ya mwenzake chini ya miguu, bila kumwona uso. Wale wasemao kwamba serikali iache kila mtu atumie chake apendavyo, wanasahau kwamba mchanga hausomi hati. Pasipo mdhibiti, mwenye nguvu ya kujenga ukuta mrefu ndiye atakayebaki na ufukwe.

Wala mahakama zetu hazikuwa ngeni kwa jambo hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kuwamwagia taka na moshi wake, nao wakashinda. Na Jiji lilipoomba kuongezewa muda tena na tena, Jaji Lugakingira akakataa. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, watu 795, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, nao wakashinda. Katika kesi hizo mbili, utunzaji wa mazingira ulikuwa ndiyo ngao ya mnyonge dhidi ya mamlaka. Kilichotokea baadaye, hata neno mazingira likaanza kumtia mnyonge hofu, ndicho kinachotusikitisha.

Kabla ya kufika huko, lipo swali la kipimo ambalo wapimaji wenyewe hulipita haraka. Mita 60 kutoka wapi? Sisi wa pwani tunajua bamvua na tunajua maji mafu. Katika bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4 kwenda juu, na juu ya ufukwe uliolala hiyo huwa ni mamia ya hatua za kutembea. Tena ufukwe wenyewe huhama. Nendeni Kaole, mwendo mfupi tu kutoka Bagamoyo mjini. Magofu yale, ambayo msikiti wake mkongwe huhesabiwa kuwa wa karne ya 13, yalikuwa ni mji wa bandari. Mikoko na tope vikaijaza bandari, bahari ikarudi nyuma, na biashara ikahamia Bagamoyo. Kisha tazameni kaskazini, mbele ya Pangani, kwenye Kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakitaga humo; leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Huku bahari imetoa ardhi, kule imechukua. Ilhali mawe ya mipaka katika kiwanja cha mtu hayahami. Sheria imefunga mstari unaotembea juu ya mali isiyotembea, na mtu aliyejenga mita 80 kutoka majini, kwa uaminifu na kwa kibali, aweza baada ya miaka ishirini kujikuta ndani ya mita 50 bila ya kusogea hata shubiri. Je, huyu naye aitwe mvamizi?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini. Ubaya hauko katika mita 60. Ubaya uko katika namna gharama ya mita hizo inavyogawanywa, kwa maana mara nyingi hutupwa yote juu ya mtu aliyetokea kusimama karibu na maji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na serikali ikawapa wahanga viwanja Mabwepande, jirani zetu wa huko Kinondoni. Wengine walikaa, wengine wakarejea bondeni, kwa sababu kazi na soko vilikuwa bondeni. Desemba 2015, wiki chache tu baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba, ikaanza bomoabomoa Magomeni, Mkwajuni na Hananasif. Alama ya X kwa rangi nyekundu ikawekwa ukutani, na hoja ikawa ni ile ile: mita 60 za mto na maeneo hatarishi. Januari 2016 Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, ilisimamisha kwa muda ubomoaji wa nyumba za wale waliokuwa wamefungua kesi. Wengi wa waliovunjiwa hawakulipwa kitu. Lakini miongoni mwa nyumba zile zilikuwamo zenye umeme na maji ya mashirika ya umma, na wenyewe walikuwa wakitozwa kodi ya majengo. Mtu hawi halali siku ya kodi na haramu siku ya fidia.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde lile lile, na mwaka 2023 watu wa bondeni wakaanza kulipwa fidia ili wapishe. Mto ni ule ule na mita ni zile zile. Wapo walionung'unika kwamba walichopewa ni kidogo, na manung'uniko yao hatuyapuuzi; ila tofauti kati ya 2015 na 2023 ni kubwa mno kuweza kupitwa. Kilichobadilika si haki ya mkazi, bali ni masharti ya mkopeshaji. Kwa hakika ni jambo la kutafakari, kwamba raia apate kwa sharti la benki ya ng'ambo kile ambacho Katiba yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kumpa.

Maana Katiba yetu, Ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake, na inakataza kumnyang'anya pasipo idhini ya sheria iliyoweka fidia inayostahili. Wako wanaojibu upesi kwamba Tanzania hakuna ardhi ya mtu binafsi, kuwa ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini, basi hapana cha kufidia. Jibu hilo lilikwisha kuvunjwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe kutoka Mkoa wa Arusha, iliamua kwamba hata haki ya kimila ya kuitumia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kwamba kumwondolea mtu haki hiyo bila ya fidia ni kinyume cha Katiba. Akonaay hakuwa na hati ya wizarani. Alikuwa mkulima. Wazee wetu wenye minazi isiyo na karatasi wanapaswa kulijua jina hilo.

Na kwa kuwa tunazungumza mbele ya Waislamu, si vibaya kukumbusha kwamba jambo hili si geni katika fiqhi. Wanazuoni walikuwa na kitu walichokiita harimu: ukanda unaozunguka kisima, mfereji au mto, ambao mtu mwingine haruhusiwi kuuhuisha kwa ajili yake. Kisima kilipimiwa dhiraa arobaini. Basi wazo la kuacha nafasi kando ya maji halikuletwa na wafadhili. Lakini mafakihi hao hao waliweka jambo ambalo sheria za leo hulisahau: harimu huwekwa katika ardhi isiyo na mwenyewe, wala haimwondolei haki aliyetangulia kumiliki. Na inasimuliwa kwamba Seyyidna Umar alipotaka kuupanua Msikiti wa Madina, nyumba ya Abbas ikawa njiani, Abbas akakataa kuiuza. Wakaenda kwa mwamuzi, Ubayy bin Kaab, naye akamhukumia Abbas dhidi ya Khalifa. Ndipo Abbas, haki yake ilipokwisha kuthibitishwa, akaitoa bure. Tuangalie mpangilio: haki ilithibitishwa kwanza, ukarimu ukafuata. Sisi leo tunamwomba mnyonge aanze na ukarimu.

Wenzetu wa nchi nyingine wamepambana na mgongano huu huu, na matokeo yao yanafundisha. Huko Marekani, mwaka 1986, mtu aitwaye David Lucas alinunua viwanja viwili vya ufukweni katika jimbo la South Carolina kwa dola 975,000. Mwaka 1988 jimbo likapitisha sheria ya kulinda ufukwe, asiweze tena kujenga. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mwaka 1992 kwamba kanuni inayoimaliza thamani yote ya ardhi ya mtu ni sawa na kuitwaa, isipokuwa kama ujenzi wenyewe ulikuwa umekwisha kukatazwa na sheria za kale za umiliki. Jimbo likalipa. Kisha, ili kurudisha fedha zake, likaviuza viwanja vile vijengwe! Ndipo ikaonekana kwamba fidia ni kipimo cha ukweli pia: serikali iliyolazimika kulipa iligundua kwamba haikuuhitaji sana ufukwe ule kama ilivyodai wakati mlipaji alikuwa mwingine.

Tulilolipenda zaidi ni la India. Pale Maradu, karibu na mji wa Kochi katika jimbo la Kerala, yalijengwa maghorofa manne kando ya maji kinyume cha kanuni za ukanda wa pwani, kwa vibali vya halmashauri ya mahali hapo. Zaidi ya familia 300 zilinunua humo, nyingi kwa akiba ya maisha. Mahakama Kuu ya India iliamuru mwaka 2019 yabomolewe, na Januari 2020, kwa siku mbili, yakalipuliwa. Mahakama haikuyumba juu ya pwani. Lakini iliamuru pia kila mwenye nyumba alipwe na jimbo rupia 2,500,000 za kuanzia, na jimbo lizidai kwa wajenzi, ambao mali zao zilizuiwa. Mnunuzi alipoteza nyumba, lakini si yeye aliyeachiwa mzigo wote. Aliyeuza kilichokatazwa alifuatwa.

Tukirudi hapa nyumbani, tunaona kwamba mambo matatu tofauti huchanganywa katika chungu kimoja. Yuko aliyekuwepo ufukweni kabla ya mwaka 2004, kwa urithi au kwa kununua; huyu akitakiwa kupisha, alipwe kwa vipimo vya Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001, ambazo huhesabu thamani ya ardhi, maendelezo, usumbufu, usafiri na makazi ya muda. Yuko aliyekuja baadaye, akapewa kibali au hati na ofisi ya umma. Huyu naye alipwe, na ofisi iliyotia muhuri iulizwe, tena iulizwe kwa majina ya waliotia saini. Na yuko aliyekuja baada ya sheria, akijua, akakata mikoko usiku na kumimina kifusi ili apate kiwanja. Huyu hatumwombei. Mikoko yetu imekuwa hifadhi ya misitu tangu enzi za wakoloni. Hakuna awezaye kusema hakusikia. Kuwaweka watatu hawa chini ya X moja nyekundu ni dhuluma kwa wawili wa kwanza na ni heshima asiyostahili yule wa tatu, kwani hujificha nyuma yao na kulia kilio chao.

Siasa nazo zimefanya chungu hicho kichemke. Kipindi cha kampeni hakuna asikiaye habari za mita 60. Nguzo za umeme hufika mpaka kando ya maji. Kura zikishahesabiwa, ramani hufunguliwa. Na serikali yenyewe inapoutaka ufukwe, kama ilivyokuwa kwa bandari ya Bagamoyo, ambayo mkataba wake wa awali na kampuni ya China ulitiwa saini mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015 na mazungumzo yakasimama mwaka 2019, wananchi wa Pande na Mlingotini waliambiwa wapishe maendeleo. Bandari haijengwi mlimani, hilo tunakubali. Ila mwananchi anayeambiwa leo kwamba ufukwe haufai kwa kitu cha kudumu, na kesho kwamba unafaa kwa gati, anastahili kuonyeshwa tathmini ya athari kwa mazingira iliyofanywa, kwa Kiswahili, kabla ya shughuli kuanza. Kifungu cha 81 cha sheria ile ile ya 2004 kinaitaka tathmini hiyo. Kisomwe kwa wote.

Kwa ndugu zetu wanaonunua viwanja Mapinga na Kerege, na tunajua kila mwisho wa juma magari huja na wateja kutoka Dar es Salaam, neno letu ni fupi. Barua ya mauziano iliyogongwa muhuri wa kijiji haimzuii mto kupita. Ulizeni ramani ya mipango miji, na mwende mkakione kiwanja siku ya bamvua, si siku dalali anapowapeleka. Kando ya Mpiji, nendeni mwezi wa masika.

Na kwa halmashauri yetu tunalo ombi moja, ambalo halihitaji mkopo. Mstari wa mita 60 uwekwe mawe yanayoonekana, yenye tarehe ya kupimwa kwake, kila mtu aone mwaka gani bahari ilikuwa wapi. Kisha waandikwe waliokuwemo ndani ya mstari kabla ya mwaka 2004. Tutaulizwa: huyu mzee asiye na karatasi atathibitishaje? Atathibitisha kwa mnazi wake. Mnazi hutoa makuti yapatayo 12 kwa mwaka, na kila kuti likianguka huacha kovu moja shinani. Mti wenye makovu 300 umesimama miaka 25 kwa uchache, bila ya kuhesabu ile ya mwanzo ambayo mche hauna shina. Afisa ardhi aje na daftari, ahesabu makovu mbele ya mwenye shamba na mashahidi wawili, aandike idadi, na wote watie saini.